Kikao Ambacho Mama Hakukaa

Baba alipofariki, ukoo ulikutana nyumbani kwetu Magomeni, Kilosa, tukamchagua baba mdogo awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari niliandika mimi, nikaupeleka kwa dada mmoja msaidizi wa kisheria. Akausoma, akauliza, "Mbona mjane hayumo?"

"Mama alikuwa jikoni, anawapikia wajumbe."

Akanirudishia karatasi. "Mkakae upya. Safari hii apike mwingine."

Nilinuna njia nzima, mimi msomi wa familia! Jumapili mama alikaa kwenye kiti, akaeleza mipaka ya shamba la Lumuma ambayo hakuna mwingine aliyeijua, na ukoo ukamchagua yeye. Yule dada namshukuru hadi kesho.

Baba mdogo ndiye aliyepika. Wali uliungua, na sahani ya kwanza alipewa mama.