Mdudu Aliyekaribia Kubeba Jina Langu

Shule niliiacha darasa la pili, lakini kufika miaka ile ya tisini nilikuwa na Lendrova yangu ya kukodisha, na Garissa nzima ilijua ni ya nani. Ndiyo maana mama mmoja mtaalamu kutoka bara, alipotaka dereva wa kumzungusha upande wa Hadado kutafuta wadudu waliogeuka mawe, alielekezwa kwangu.

Wadudu hao walikwisha duniani zamani sana. Kazi yake ilikuwa kuwapanga kwa jamii na kuwapa majina, na jamii aliitambua kwa mishipa ya bawa. Nilicheka. "Mwalimu, hiyo si chapa ya ngamia tu? Ukoo unausoma ubavuni!"

Wachungaji walituletea vipande viwili vya jiwe, siku mbili tofauti, kila kimoja na bawa lake. Akavichora, akasema hizo ni aina mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. "Ya kwanza nitaipa jina la mwalimu wangu. Ya pili, ndugu, jina lako."

Wallahi, siri hiyo sikulala nayo. Tuliporudi mjini, mtaa wetu wa Iftin wote ulijua kabla sijazima injini. "Warya, Mdudu!" waliniita dukani, yaani "wewe bwana, Mdudu", nami nikaitika kifua mbele.

Asubuhi mama alipofungasha arudi bara, nikavitazama vile vipande mara ya mwisho. Ngamia akirusha teke wakati wa kuchomwa chapa, chuma huteleza, chapa ikaota mkia. Mkia kama huo huwezi kuukuta kwa ngamia wa pili. Na hapa mshipa mmoja ulikuwa na mkia, uleule kwenye vipande vyote viwili: jiwe hili kushoto, lile kulia, hapa umeinuka, pale umebonyea.

Nilikunywa kikombe kizima cha chai. Jina langu lilikuwa kwa yule mdudu wa pili. Lakini mimi chapa sijawahi kuisoma kwa uongo.

"Mwalimu, huyu mdudu ni mmoja. Jiwe ndilo lililopasuka."

"Kwani wewe umesoma mpaka wapi?"

"Ngamia nimesoma mpaka mwisho."

Nikaweka kipande juu ya kipande. Vikafungana kama mdomo. Mama akaketi chini, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akafuta jina moja daftarini. Langu.

Iftin wakauliza, "Warya, Mdudu, jina liko wapi?" Nikawaambia kweli tupu: wadudu walikuwa wawili, nimewafanya mmoja, na msomi mwenyewe hakuwa ameona. Wakaendelea kuniita Mdudu. Naitika mpaka leo.