Neno Lisilo na Jibu

Mpaka leo nikisikia mahindi yakipukuchuliwa, punje zikidondoka kwenye ungo mkavu, narudi kwenye nyumba yetu ya udongo kule Kang'ata, na vumbi la magunzi linanipanda puani kana kwamba sijaondoka. Ilikuwa enzi za Mdachi. Boma lake lilikuwa Handeni, na mzungu mwenyewe sisi watoto tulimwona mara moja tu, akipita juu ya farasi. Tuliyemjua ni akida, mtu wa pwani aliyejua kuandika, na chini ya akida kila kijiji kilikuwa na jumbe wake. Mama yangu alikufa nikiwa bado nanyonya. Nililelewa na Bibi mzaa baba, mwanamke mkali asiyepoteza maneno. Baba yangu, Mzee Mhando, alitoka alfajiri akarudi jua likizama, na alikuwa akinipita mlangoni kama anavyopita kinu. Sikupigwa, sikulala njaa, lakini nyumba ile ilikuwa kimya mno kwa mtoto mmoja.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kucheka naye, Mwajuma, binti wa Mzee Mgaza, ambaye nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kijito. Tulikuwa rika moja. Mtama ukianza kukomaa tulipelekwa kuamia ndege, tukakaa kutwa nzima juu ya dungu, kila mmoja na kombeo lake, tukipiga kelele mpaka sauti zinakauka. Ni huko juu alikonipa siri yake. Alisema alimsikia mama yake akinong'onezana na dada yake wa Mashewa kwamba yeye, Mwajuma, aliota meno ya juu kwanza. Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na wazee waliamini kwamba akiachwa akue atamaliza ukoo wake mmoja mmoja. Wengine waliuawa, wengine walipelekwa mbali wasirudi. Mama yake Mwajuma alipoyaona yale meno alimfunga mwanawe mgongoni, akamuaga mumewe kwamba anakwenda kumwuguza mama yake huko Mashewa, akakaa huko mpaka meno ya chini nayo yakatoka. Aliporudi hakumwambia mtu pale kijijini, hata mumewe. Mwajuma alinitazama, akasema, "Usimwambie mtu, Mwanaidi." Nikaapa kwa kaburi la mama yangu, maana sikuwa na kingine cha kuapia.

Basi mwaka ule jumbe wetu akafa. Akida alikuja mazishini, akawaambia wazee kwamba siku ya arobaini atarudi, nao wawe tayari kumtajia jina la mtu mmoja wa kumpelekea Mdachi. Wakisigana, yeye ataleta mtu wake kutoka pwani. Waliotajwa wakawa wawili, baba yangu na Mzee Mgaza. Leo mtu akitaka cheo anapanda jukwaani akajisifu; kwetu wakati ule ilikuwa aibu mtu kujitaja. Wewe unalima shamba lako, unasalimia watu, na ndugu zako ndio wanaokusemea. Baba alitaka cheo kile, hilo nilijua hata kwa utoto wangu. Alikuwa ameanza kunyoa ndevu vizuri na kuvaa kanzu siku zisizo za Ijumaa. Bibi alimtania, "Mwanangu, kanzu hiyo itachakaa kabla ya arobaini." Baba hakucheka.

Aliyemsemea Baba ni mdogo wake, baba mdogo Kilua. Huyu aliwahi kubeba mizigo ya misafara mpaka Tabora na kurudi, na alikuwa na akili ya kuona mtu anaumia wapi. Jioni, Bibi nami tukipukuchua mahindi ndani, yeye na wanaume wengine watatu walikaa kibarazani na Baba, na kila neno tulilisikia. Mmoja alisema watangaze kwamba Mgaza ni bahili. Kilua akamkatiza, "Nani asiyewahi kula kwake? Ukisema hivyo watakuona wewe ndiye mwongo." Mwingine akasema waseme Mgaza anamchukia Mdachi. "Ala! Unataka kumsaidia?" akasema Kilua. "Watu watampenda zaidi." Wa tatu akashauri waseme basi kwamba anajipendekeza kwa Mdachi. Kilua akacheka, akasema hilo ndilo akida analolitafuta. Kisha akawapa somo ambalo sijalisahau. "Wagosi, wanaume wenzangu, mtu humpigi palipo na ngao. Tafuteni neno lisilo na jibu. Akilikana limzamishe, akinyamaza limzamishe. Na liwaguse akina mama, maana mwanamume husikiliza barazani lakini huamulia nyumbani kwake." Nasikia siku hizi kuna watu wanakwenda ng'ambo kusomea mambo haya. Kilua hakuwahi kushika hata kalamu.

Walitafuta siku tatu, wasipate. Mzee Mgaza alikuwa mtu safi, Mungu amrehemu. Siku ya nne Baba aliniita kibarazani. Aliniita kwa jina, akanipisha kwenye mkeka karibu na goti lake. Naomba msomaji anielewe hapo, si kwa kujitetea. Nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ile miaka yote bila kuambiwa njoo ukae hapa. Kilua akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ni wa kwao Mwajuma kutwa kucha. Huko kuna nini ambacho watu hawakijui?" Nilimwangalia Baba. Alikuwa ananitazama usoni, anangoja nitakalosema, kama nami ni mtu mzima. Ulimi hauna mfupa, wahenga hawakukosea. Nikasema. Niliyasema yote, meno, Mashewa, na mama aliyemficha mumewe. Kutoka ndani nikamsikia Bibi akiweka ungo chini, akasema kwa sauti kavu, "Mhando, mtoto si jembe la kumchimbia mwenzako shimo." Baba akainamisha kichwa, akasema kwamba jambo hilo si zuri, kwamba sote tunateka kisima kimoja. Kilua akamjibu kwamba yeye hatasema kitu, wala Baba hatasema kitu. Yuko wa kusema. Baba hakujibu tena, na mimi nikadhani kunyamaza kwake kulikuwa ni kukataa.

Aliyekuwapo wa kusema ni Maganga. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na misafara akaoa kwetu, na Wanyamwezi na Wazigua, kama mjuavyo, ni watani. Kwenye matanga mtani ana ruhusa ya kila kitu. Anachukua chungu chenye nyama, anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anamtukana aliye hai mbele ya mkewe, na ole wake atakayenuna. Neno la mtani halipelekwi shaurini. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Hiyo ndiyo hila ya Kilua. Neno litolewe asubuhi, wazee wachague mchana, na msemaji awe mtu asiyeweza kushtakiwa.

Siku ya arobaini watu walijaa. Akida alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Maganga alikuwa amejivisha mkeka uliochakaa na kujipaka majivu, na kwa muda mrefu alituchekesha kweli, mimi na Mwajuma tulikuwa tumeshikana mikono tukicheka pamoja na wengine. Alikwapua fimbo ya marehemu, akatembea nayo kama mkubwa, kisha akasimama mbele ya Mzee Mgaza. "Mtani wangu," akasema, "wakikupa hiki kiti utakikalia na nani? Na yule kigego mliyemnyonyesha huko Mashewa? Ndugu zako wawili ameshakula, sasa mnataka atule na sisi?" Watu wakacheka, kwa mazoea. Mzee Mgaza naye akacheka, kama inavyotakiwa, akageukia upande wa wanawake amtazame mkewe wacheke pamoja. Mkewe hakucheka. Upawa ulikuwa mkononi mwake na mchuzi ukimdondokea mguuni, hakuuona. Kicheko cha Mzee Mgaza kilikatika palepale. Ndugu zake wawili walikuwa wamekufa kweli, mwaka mmoja, kwa ndui. Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kuwavuta watoto wao taratibu, na Mwajuma akautoa mkono wake mkononi mwangu. Mchana jina lililotajwa kwa akida lilikuwa la baba yangu, na hakuna aliyepinga.

Kesho yake asubuhi niliwakuta njiani, Mwajuma na mama yake, na mzigo mmoja. Mzee Mgaza hakuwapiga wala hakuwafukuza. Ukoo wake ulikuja nyumbani kwake usiku huo, na yeye akachagua mtoto aende akiwa hai. Walikuwa wanakwenda Mashewa, na kutoka huko, nilisikia baadaye, walipanda milimani kwa wamisionari waliokuwa wakiwapokea watoto kama yeye. Nilikuwa nimemletea kombeo langu, maana lake lilikuwa limekatika. Hakulipokea. Hakulia wala hakunitukana, angalau angenitukana! Alisema tu, "Nilikwambia wewe peke yako." Mama yake akamvuta mkono, wakaenda. Nilisimama pale mpaka jua likawa kali.

Baba alipewa karatasi yenye muhuri na kofia nyekundu. Miezi michache baadaye ilimbidi atoe watu wa kwenda kulima pamba ya Mdachi, na waliompigia vigelegele wakaanza kuvuka njia wanapomwona. Watoto walikatazwa kucheza nami. Nikifika kisimani, maneno yanakatika, wanawake wananipisha niteke kwanza kama mgeni. Niliamia ndege peke yangu misimu mitatu, nikipiga kelele ambazo hakuna wa kuzipokea. Na Baba, ambaye nilimuuza rafiki yangu ili anitazame, hakuniita tena kwenye mkeka. Sidhani alinichukia. Nadhani kila akiniona alikumbuka kile alichokubali bila kufungua kinywa. Alikufa tukiwa hivyo, tukisalimiana asubuhi na jioni. Marahaba yake nilikuwa naisikia kwa shida.

Nilipokuwa mtu mzima niliolewa Korogwe, na mara nyingi siku za gulio niliwatazama wanawake walioshuka milimani na mizigo ya pea na mboga. Mara moja nilimwona mmoja aliyecheka kwa kufunika mdomo wa juu kwa kiganja. Nilimfuata mpaka stesheni, nikiwa na jina la Mwajuma ulimini. Sikuliita. Ningelimwambia nini, shikamoo? Treni ikaja, akapanda na wanawe wawili, na mimi nikarudi nyumbani nikadanganya kwamba chumvi imekwisha sokoni.

Sasa tunapiga kura. Kuna vipaza sauti juu ya magari, kuna picha za wagombea zilizobandikwa hata kwenye shina la mwembe wa jirani, na mtu anajitaja mwenyewe mchana kweupe bila haya. Vijana wanasema zamani watu walikuwa na heshima, hawakuchafuana. Loo! Nawaacha waamini. Sisi tulichafuana vizuri kuliko wao, ila tulifanya kwa kicheko na kwa idhini ya mila. Tofauti ninayoiona ni kwamba leo aliyesemwa naye anapewa jukwaa la kujibu, na mtoto haondoshwi kijijini kwa sababu ya meno. Hiyo si tofauti ndogo. Lakini somo la Kilua bado ni lilelile, na wanaolitafuta neno lisilo na jibu bado wanapita nyumba kwa nyumba.

Wiki iliyopita walikuja kwangu. Mjukuu wangu anagombea udiwani, na alikuja na wenzake wanne, wakaniamkia vizuri, wakakaa. Akaninyanyua kutoka jikoni kwa mikono yake mwenyewe, akanikalisha kwenye kiti kizuri katikati yao, jambo ambalo hajalifanya tangu aote ndevu. Akasema, "Bibi, wewe umekaa miaka mingi na bibi yake yule mpinzani wetu. Mlikuwa marafiki. Hakuna jambo la ukoo wao unalolikumbuka?" Wote watano wakanitazama usoni. Nalikumbuka jambo, tena kubwa, marehemu aliniambia mwenyewe tukichambua mchicha. Nilimtazama mjukuu wangu, uso ninaoupenda kuliko wote uliobaki duniani, nikamwambia sikumbuki kitu. Kisha wakaaga, na walipofika uani nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba twendeni, Bibi amekwisha, akili yake imekwenda. Tangu siku hiyo hajarudi kuniona.