Kuki iliyompeleka Zuberi Lusangi

Rehema hushuku hata salamu. Ukimwamkia mara mbili, atajiuliza unataka nini. Ana kibanda cha sekretaria, cha kuchapia na kutumia watu barua, karibu na soko la Kasongo, na akina mama humletea ujumbe wa kuwapelekea waume zao walio machimboni Salamabila. Programu aliyoiandika mwenyewe huingia kwenye tovuti ya ujumbe, ikatuma maneno na kuleta majibu na picha.

Ramadhani iliyopita mambo yalianza kuvuja. Francine alimwandikia mumewe kwamba ana mimba. Kabla mume hajasoma, Salamabila nzima imeshajua. Neno la siri walilijua wawili tu: Rehema, na Zuberi, mdogo wa mumewe, aliyefanya kazi naye.

"Ni wewe tu," Rehema alimwambia.

"Shemeji, miye sikusoma kitu."

Akampeleka mbele ya imamu. Zuberi akashika Msahafu, akaapa. Watu wakasema yamekwisha. Yamekwisha wapi! Siku ileile Rehema alibadilisha neno la siri, akamfukuza. Kwa aibu, Zuberi akaenda Lusangi kulima.

Siri ziliendelea kuvuja. Sasa Rehema aliogopa kweli. Aliiamuru programu iandike kila inachotuma, akakaa kuisoma asubuhi nzima. Tovuti huipa programu kuki, kitambulisho kidogo cha kuonyesha imekwisha kuingia, isiulizwe tena neno la siri. Picha nazo, wenye tovuti walikuwa wamezihamishia tovuti ya watu wengine. Programu ikielekezwa huko, ilikwenda na kuki ileile, na mwenye tovuti hiyo akaweza kujifanya Rehema, kusoma kila kitu na kukieneza Salamabila. Kubadilisha neno la siri hakukusaidia chochote, kwani kila kuki mpya nayo ilikwenda hukohuko.

Kosa lilikuwa kwenye maktaba, ule msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu hutumia kuomba kurasa. Lilikwisha kurekebishwa zamani. Rehema alikuwa bado na toleo lililokuja kwa flashi kutoka Bukavu miaka mitano nyuma. Kabla ya kufukuzwa, Zuberi alikuwa amemwomba mara tatu walibadilishe. Rehema akashuku anataka kumchezea programu yake.

Rehema alipanda pikipiki hadi Lusangi na karatasi alizozichapisha. Alimkuta Zuberi akipalilia mihogo. Alikiri kosa lake bila kuzunguka, akalia.

Zuberi alisoma karatasi zote taratibu, akamrudishia.

"Niliapa na Msahafu mu mikono, ukakatala," alisema. "Leo masini imesema, ndiyo unasadiki?"

Akainama, akaendelea kupalilia.