Kitambaa cheupe kilichoitisha kikao cha mji

Saa tatu kamili asubuhi, mjini Brooklyn Park, huku ughaibuni. Langoni mwa msitu wa mji, Philister Nyaboke, wengi humwita Mama Lenny, anashuka garini na sare yake ya kazi, anajifunga kichwani kitambaa cha rangi ya chungwa, kisha anapaza wimbo. Kina mama kumi na wanne wanaitikia kwa sauti ya kuamsha mawe.

Juu ya mti, mzee Harrison, mwindaji wa kulungu, anashusha upinde na kuanza kuteremka. Zamu yake imekwisha.

"Muone anavyoshuka, kama kuku aliyetoka kutaga!" anacheka Philister.

Mama huyu wa miaka 58 huhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, saa kumi na mbili kila zamu. Daktari alipokuta presha yake 178, alimwamuru atembee. Akatembea kila atokapo kazini, na kina mama wa kanisa wakamfuata, kichwani vitambaa vyao vyeupe vya chama.

Kumbe weupe huo ndio balaa. Kulungu wa huku akikimbia huinua mkia, na chini yake ni kweupe pepepe. Novemba iliyopita, msimu wa mawindo, Harrison aliona weupe ukichezacheza kichakani. Akavuta upinde.

"Mara nikasikia kulungu anaimba tenzi," anasimulia. "Miaka arobaini nawinda, sijakutana na kulungu mlokole."

Mshale haukutoka, ila habari zilitoka. Wakuu wa mji wakataka kuwafungia watembeaji njia kwa miezi mitatu, msimu mzima.

"Nikae na presha yangu kwenye kochi miezi mitatu? Wapi!" anasema Philister.

Akaingia kikaoni, kina mama nyuma yake. "Kulungu hula alfajiri. Wawindaji wachukue alfajiri, sisi tunywe chai. Saa tatu tunakuja na rangi ya chungwa, isiyo ya kulungu yeyote. Tukiimba langoni, pinde zishuke."

"Na wasiposikia?" akauliza mwenyekiti.

Philister akasimama. Akaimba. Inasemekana walinzi wa jengo la jirani walitoka nje. Kura: sita kwa moja, njia ikabaki wazi.

Leo presha yake ni 126. Kulungu nao, anaapa, wameshakariri wimbo hadi ubeti wa tatu. Harrison aliwaletea kina mama paja la kulungu. Wakalipika, na mwenyewe akalila kwa ugali mpaka akalamba sufuria.

"Mwakani nachukua leseni ya upinde," anasema Philister. "Mimi juu ya mti, Harrison chini na kina mama, kitambaa kichwani."

Harrison anakuna upara. "Kitambaa kinashonwa. Kichwa wameshanipima."