Kitabu cha Sala Kwenye Moshi wa Vibuyu

Kitabu cha sala cha mama yangu kilikuwa kinene kuliko kilivyochapishwa, kwa sababu kila jambo lililotupata aliliwekea kitu humo ndani. Kwenye sala ya mavuno kulikuwa na suke la mpunga wa shamba letu la kwanza. Kwenye sala ya ndoa, kipande cha leso aliyojifunga siku ya arusi yake, na doa la samli ambalo hakuwahi kutuambia lilitoka wapi. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa kwa mikono yenye maembe, maana yake msimu mzima wa maembe hatukukigusa.

Na kwenye sala ya kuwaombea watoto kulikuwa na picha ya kaka yangu.

Ilikuwa picha ndogo ya pasipoti, aliyopigwa alipokuwa anaandikishwa shule. Mwaka uleule homa ilimchukua. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo kaka yangu, kwangu mimi, ni hiyo picha tu: kichwa kilichonyolewa, kovu shavuni, na macho makubwa. Nyingine haikuwepo. Aliyempiga picha alifunga duka lake zamani akaondoka mjini Garsen, na vitu vyake sijui viliishia wapi.

Mto ulipofurika juzi hapa, mama alitolewa kijijini kwa boti akiwa amekumbatia kuku, akaja kukaa kwangu Garsen, chumba cha nyuma ya saluni yangu. Kitabu alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa plastiki akakiweka darini. Maji yakafika darini. Yalipopungua, mjomba alituletea kitabu kikiwa kizito kama tofali bichi, kurasa zimegandana.

"Usikifungue," mama aliniambia. "Ukivuta karatasi, utauchuna uso wa kaka yako."

Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Mimi nimeanza kuusahau. Nikifumba macho naona kovu tu. Uso wenyewe hauji."

Mama yangu si mtu wa kulalamika, na maneno yale yaliniumiza sana. Nikafanya ninachokijua: nikaleta mashine ya kukaushia nywele.

"Peleka upepo wako huko," akasema. "Hiki si kichwa cha mteja."

Nikataja jua. Akasema jua litakikunja kama ngozi ya mbuzi. Basi nikamwambia akae nacho kioze. Ndivyo nilivyo, nikiogopa, nafoka.

Aliyekuja kutuokoa ni mama wa maziwa. Ni mama wa Kiorma ambaye tangu nikiwa mtoto alikuwa akituletea maziwa na kurudi kwake na mahindi au ndizi. Lakini msimu uliopita ng'ombe wa mumewe waliingia shambani kwetu wakamaliza mahindi machanga, na tangu hapo yeye na mama walikuwa wakisalimiana kwa midomo tu. Siku hiyo alipita saluni kumpa mama pole ya mafuriko. Akaona kitabu kwenye sinia, kimeanza kuota ukungu, akauliza. Mama akamweleza yote, mpaka habari ya picha.

"Dada, nipe mimi," akasema. "Vibuyu yangu ya maziwa, mvua yote haioti ukungu. Moshi nafanya hiyo kazi."

Mama alisita. Nilijua anawaza mahindi, na mwenzake naye alijua.

"Ng'ombe haina adabu," akasema. "Mimi iko nayo."

Mama akacheka, bila kupenda, akampa. Lakini yule mama kwanza aliomba maji, akanawa mikono mpaka viwikoni kama anayekwenda kuswali, ndipo akakipokea ndani ya mtandio wake.

Siku chache baadaye nilimfuata kwake nje ya mji. Nilikwenda kupeleleza, nisiseme uongo. Alikuwa amekitundika mahali anapofukizia vibuyu, juu kabisa, penye moshi na joto dogo. Kila asubuhi alikishusha, akapenyeza ukindu mwembamba, ule wa kusukia mikeka, kati ya kurasa zilizokubali kuachana. Zilizokataa aliziacha mpaka kesho. Mimi ningekuwa nimekirarua siku ya kwanza.

"Wewe rudi, suka watu," aliniambia bila kugeuka. "Hii iko na wakati yake."

Alikirudisha mwenyewe. Kilikuwa kimevimba, kimegeuka rangi ya chai, kinanukia kama maziwa ya kibuyu. Suke la mpunga lilikuwa limeoza, lakini kurasa zilifunguka, zote isipokuwa mahali pamoja, ambapo ukindu ulikuwa umeingia nusu tu.

"Hapa mimi naacha," akasema. "Hapa ni ya mama yake."

Mama aliketi kwenye benchi la wateja, akausukuma ukindu polepole mpaka ukatokea upande wa pili. Picha ikaachia, ikamwangukia mapajani. Ilikuwa karatasi nyeupe, haina kitu. Nilianza kulia kwa sauti, mbele ya mteja aliyesukwa nusu kichwa.

Mama hakulia. Alikuwa anautazama ukurasa. Rangi yote ya picha ilikuwa imehamia pale, juu ya sala, ikageuka kama kwenye kioo: kichwa, macho, shavu, na maneno yakionekana kwa mbali katika paji lake la uso.

"Kovu limehama," akasema. "Lilikuwa shavu hili." Akagusa shavu lake mwenyewe, akafumba macho. Mimi na mama wa maziwa tulimngoja.

"Amekuja," akasema.

Kisha akafumbua macho, akasogea kumpisha mwenzake kwenye benchi. "Njoo, dada. Kaa hapa nikuonyeshe mwanangu."