Kipande Chetu cha Mtaro

Enzi zetu kule Mlalo, mvua ya masika tuliisikia kabla ya kuiona. Ukungu ulifunika bonde, humwoni hata mbuzi aliyefungwa uani, lakini sauti ilikuwa njiani: kwanza kwenye migomba ya ng'ambo, kama wanawake wengi wanapepeta maharage kwa pamoja, kisha kwenye mabati ya kanisa, kisha bati la jirani mmoja baada ya mwingine, mpaka mama anapaza sauti tuanue nguo.

Nyumba zetu zilishikilia mteremko. Juu ya nyumba ulipita mtaro mrefu uliochukua maji ya mlimani na kuyapeleka korongoni, na kila familia ilikuwa na kipande chake cha kuzibua. Masika yakikaribia, baba alitutoa kitandani Jumamosi asubuhi, jembe kwa huyu, koleo kwa yule. Tulitoa matope, mawe na mizizi ya miti ya miwati mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Tukinung'unika, alisema, "Maji hayaulizi nani amechoka."

Chini ya kipande chetu aliishi Mama Naomi, mjane, peke yake tangu bintiye alipoolewa Korogwe. Alipanda na sufuria ya makande kichwani, akasimama kutukagua.

"Mnazibua au mnapanda viazi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Salamu haitoi tope. Malizeni, chakula kinapoa."

Mvua kubwa ikitukuta kwake, tulijibana jikoni, moshi ukitutoa machozi, huku maji yakinguruma mtaroni juu ya vichwa vyetu. Sisi tulitetemeka. Yeye alikoroga chungu na kusema, "Hayo yanapita. Kuleni." Na kweli yalipita. Sijawahi tena kuwa na hofu tamu kama ile.

Wazazi wetu wakafariki, nyumba tukaifunga kwa kufuli, tukatawanyika: kaka Arusha, dada Dodoma, mimi Dar es Salaam na vitabu vyangu. Tuna kundi letu kwenye simu. Siku hizi mvua unaiona kwenye kioo cha simu kabla haijanyesha, kiwingu kizuri chenye matone matatu, na watoto wetu wanajua asilimia zake ingawa jembe wakilishika hulishika kama mwavuli. Mwaka huu tuliulizana nani atatafuta kijana wa kuzibua kipande chetu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshapiga simu.

Maji yalijaa pale pale kwenye kipande chetu, yakafurika, yakashuka na tope hadi kwa Mama Naomi. Ukuta wa nyuma ukalala juu ya kitanda chake. Ilikuwa Jumapili, yeye alikuwa ibadani, ndiyo maana yuko hai. Kwenye kundi tuliandika pole, tukaweka vikono vya kusali.

Nilipanda Mlalo wiki ile ile. Nilimkuta akikunja khanga zake, Naomi akimsubiri barabarani na mizigo. Nilimwomba asiondoke. Nilimwambia tutajenga ukuta upya, mtaro nitauzibua mwenyewe, leo hii.

Aliniangalia miguuni. "Kwa viatu hivyo vya harusi?"

Nilicheka, yeye pia, kidogo. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya matunda ya plamsi, "Na masika yajayo, mwanangu, nani atakuwa hapa? Wewe?"

Mimi ninayeishi kwa maneno, niliokota khanga moja nikaanza kuikunja.

Zamani mlima huu ulikuwa ule ule, na mvua pengine ilikuwa kali zaidi. Ila juu ya kila paa palikuwa na watu walioinama, matope magotini, wakimfanyia kazi aliye chini yao. Leo tunapendana sana, kwa mbali.

Alifagia sakafu iliyobaki, akachukua Biblia na sufuria. Kwa nyuma nyumba ilikuwa wazi, shamba lote linaonekana. Hata hivyo alipotoka aliuvuta mlango wa mbele, akaufunga taratibu, akausukuma kwa kiganja kuhakikisha umeshika.