Jezi ya Bonfils

Msimu mzima wa ligi kuu, Geneviève ndiye aliyefua jezi za timu yetu ya Ngagara, na ole wako umwambie kola haijatakata. Kwenye mechi ya kumi na nne, beki wetu Bonfils alianguka uwanjani, akafia njiani kupelekwa hospitali. Jioni ile Geneviève aliifua jezi yake mara tatu, kwa heshima, akaipiga pasi.

Baada ya mazishi, mama yake Bonfils alikuja kuiomba. Akaiweka puani, akavuta pumzi ndefu.

"Mi niliifua muzuri, mama," Geneviève akasema.

"Ndiyo. Inanukia sabuni tu."

Tangu siku hiyo, kabla hajatia jezi yoyote majini, Geneviève huuliza kama wote wamefika kwao. Wasiojua humcheka.